Maswali ya Wasomaji: Helikopta ikiupa upepo mgongo

SWALI: Tumebishana kijiweni hapa Mikindani. Wakati huu wa Kusi, helikopta ikigeuka na kuupa upepo mgongo, injini inalazimika kuongeza nguvu? Wengine wanasema chombo kikisharuka, upepo hakiuoni.
Msomaji, Mtwara

JIBU: Kama upepo ni wa kutulia na rubani anashika mwendo uleule wa hewa (yaani mwendo wa chombo ndani ya hewa, si juu ya ardhi), wa kundi la pili wamepatia. Chukua boti ya mashine inayopiga duara kwenye mkondo kati ya Lindi mjini na Kitunda: maji yanaibeba nzima nzima, mashine haina habari. Kinachodai nguvu ni ulalo wa kona. Helikopta ikilala nyuzi 30, mapanga yake ya juu hubeba uzito wake mara 1.15, nyuzi 60, mara 2. Ni hivyohivyo ukielekea joshi (upepo unakotoka) au demani (unakokwenda).

Balaa ni macho ya rubani. Akiwa chini, labda anatafuta mashua, hupima mwendo kwa minazi inavyompita. Tuseme upepo ni kilomita 40 kwa saa, naye anataka minazi impite kwa 70. Akielekea omo, upepo ukimjia usoni, hewa inapita kwenye mapanga kwa 110, na kwa helikopta nyingi ndogo huo ndio mwendo unaokaribia kudai nguvu kidogo kuliko yote. Anageuka. Minazi inaanza kukimbia, anainua pua ili irudi 70. Hewa sasa ni 30 tu! Kati ya 45 na 30 ndipo mapanga hupoteza hewa tulivu ya kutoka mbele na kuanza kuchota ile yaliyokwisha kuivuruga, nguvu inayotakiwa ikirudi karibu na ya kuelea palepale. Ongeza abiria, mafuta tele na joto la nyuzi 32, ambalo pwani yetu huifanya hewa iwe nyepesi kama ya futi 2,000 hivi. Anavuta wenzo wa kuinulia chombo, injini haina cha kuongeza, chombo kinazama.

Kwa hiyo jicho likae kwenye kipimamwendo cha hewa, minazi ikimbie itakavyo.

SWALI: Na ikiwa imeelea palepale?

JIBU: Hapo chombo kinauona upepo kweli. Upepo wa omo hupunguza kazi ya injini. Wa nyuma huutaka mkia ukimbilie demani, na miguu ya rubani haipumziki. Kwa Robinson R44 au Bell 206, ambazo panga kuu huzunguka kinyume cha saa likitazamwa kutoka juu, kugeukia kushoto ndiko kunakokula nguvu, maana panga la mkia, linalozuia chombo kisizungushwe na panga kuu, hukaza zaidi. Upepo wa kushoto mbele nao hulisukumia panga la mkia msukosuko wa panga kuu, na pua inaweza kuponyoka kulia. Ikiponyoka: pedali ya kushoto hadi mwisho, usukani mbele kutafuta mwendo, na kama chini kuna nafasi, wenzo ushushwe kiasi. Kwa AS350 ya Ufaransa panga huzunguka upande wa pili, hivyo geuza kushoto na kulia.