Re: Trufeli za ramu hazigandi, na ganda linapasuka

Salama dadangu. Nimekusoma: chokoleti nyeusi gramu 200, krimu mililita 200, ramu ya kukadiria kwa jicho. Umelaza kwenye friji usiku kucha, bado vidonge vya trufeli (peremende laini za chokoleti na krimu) havifinyangiki, na vichache ulivyochovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa vimepasuka ganda.

Anza na krimu. Sawa kwa sawa ni mchuzi wa kumwagia keki. Kwa gramu 200 mimi hutia krimu mililita 100 na ramu vijiko vikubwa viwili, basi. Ramu nayo ni majimaji, ukiizidisha punguza krimu. Huo ulio nao usiumwage (chokoleti ghali hii!): uyeyushe taratibu juu ya sufuria ya maji moto, ongeza chokoleti gramu 200, urudishe kwenye friji.

Kupasuka kunatokana na baridi. Kidonge kikitoka friji moja kwa moja kikachovywa, baadaye kinapata joto, kinatanuka, ganda linaachia. Nilipoteza trei nzima hivyo. Kipumzishe dakika 15 kwanza, lakini ndani ya kopo lililofungwa, maana kwa unyevu wetu wa Mombasa kitatoka jasho, na tone la maji likiingia kwenye chokoleti ya kuchovya inashikana kama udongo.

Na joto hili la kaskazi, usichovye mchana. Mimi huchovya alfajiri, au chumba chenye kiyoyozi. Chokoleti nyeusi ya kuchovya, ukishaiyeyusha, ipoe hadi nyuzi 27 au 28, kisha ipandishe 31 au 32. Kwa nyeupe sijajaribu.