Mlio wa Pekee kwa Simu ya Mama

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuza samaki katika soko la Deep Sea hapa Tanga. Mikono yangu hushinda na maji na magamba, kwa hiyo siwezi kuitazama simu kila inapoita. Mama yangu, anayeishi Pangani, anaumwa, nami ningependa anapopiga nisikie taarabu aipendayo, ili nimtofautishe na wateja. Wimbo nimeuhifadhi katika simu yangu ya Android, lakini kwenye jina la mama sioni mahali pa kubadili mlio. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yetu, tunamwombea mama afya njema. Mara nyingi sehemu hiyo haionekani kwa sababu namba imehifadhiwa kwenye laini, ambayo hubeba jina na namba lakini haina nafasi ya mlio. Lihamishie jina la mama kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti yako ya Google, lifungue, bonyeza vitone vitatu vya pembeni au sehemu ya kuhariri, kwa kuwa simu hutofautiana, kisha chagua mlio na uhifadhi. Wimbo usipokuwamo katika orodha, uhamishie kwenye folda ya Ringtones iliyo ndani ya simu. Usiuache kwenye memori kadi, maana kadi ikichomolewa simu hurudia mlio wake wa awali.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kipande utakachokichagua. Taarabu nyingi hutanguliwa na fidla na ganuni kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajaingia, na ukiuweka wimbo mzima, simu itakatika ukiwa bado unasikia utangulizi tu, tena wa sauti ya chini. Tumia programu ya kukata muziki, uanzie pale mwimbaji anapopaza sauti. Sekunde 30 zinatosha. Kumbuka pia kwamba spika ya simu ni ndogo, hivyo besi na ngoma nzito hufifia, ilhali sauti nyembamba za mwimbaji wa kike, fidla au zumari hupenya kelele za soko.

Simu za WhatsApp hupangwa kando: fungua mazungumzo yako na mama, gusa jina lake, ingia kwenye arifa na uweke mlio huohuo. Wala usikubali kulipia wimbo wa mtandao wa simu kwa ajili ya haja hii, kwa sababu huo husikika na anayekupigia, si wewe.

Ukimaliza, mwombe mama akupigie wakati soko limechangamka, kwani mlio unaotosha nyumbani unaweza kumezwa na kelele za hapo. Ukikosa kuusikia, jaribu kipande kingine chenye sauti ya juu zaidi, na uwashe mtetemo.