Habu ya trela inachemka baada ya kuweka beringi mpya, tatizo nini?

SWALI: Fundi habari. Nina trela la zamani la ekseli moja, halina breki, lilikaa nje miaka mingi nikaamua kulifufua mwenyewe hapa nyumbani, nikaanzia kwenye habu, pale kati tairi linapofungwa. Nimeweka beringi mpya na sili mpya, vile vikombe vya ndani ya habu, zile pete za chuma ambazo rola za beringi zinazungukia, nilikuta bado vinang'aa nikaviacha, grisi nikaongezea juu ya ile ya zamani. Nati nimekaza kisawasawa isije ikafunguka njiani. Nimelivuta kilomita 20 tu, habu ya kushoto haishikiki kwa moto, ya kulia ina joto ila afadhali. Nimeuziwa beringi feki?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwanza usilivute tena hilo trela hata mpaka kwa jirani, maana habu ikishachemka hivyo grisi inayeyuka inatokea kwenye sili, beringi inabaki kavu, na kinachofuata ni tairi kuondoka na habu yake mkiwa barabarani.

Beringi feki zipo, ila kwa maelezo yako mimi naanza na ile nati. Hapo ndo wengi wanaumia, tena hata mafundi wenye miaka yao. Gari nyingi za siku hizi habu zake zina beringi iliyofungwa kabisa, nati yake inakazwa kwa nguvu kubwa, mara nyingi inapita Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), sasa mtu akizoea zile akija kwenye trela anakaza hivyohivyo. Trela lako lina beringi za koni, mbili kila habu, rola zake zimelala kimshazari, na hizi nati haizishikilii tu, nati ndo inayopima nafasi ya rola kuzunguka. Ukiibana unazisukuma rola kwenye kikombe, zinapata joto, chuma kinatanuka, zinabanwa zaidi, joto linapanda tena. Matairi ya mbele ya pikapu nyingi za zamani nayo ni vilevile, kwa hiyo ukilijua hili umejua na lile.

La pili ni vikombe. Kung'aa sio kupona. Kifute kikauke kabisa, kiangalie kwenye mwanga wa jua huku unakizungusha, kwa trela lililolala nje nategemea utaona mistari myeusi myembamba imepangana kwa nafasi sawa sawa na rola zilivyokaa. Hapo maji yalikaa na kutu ikala. Pitisha ukucha taratibu, ukikwama hata kidogo basi rola mpya inajigonga pale kila mzunguko. Pengine ndo maana kushoto kumezidi kulia. Beringi mpya inaingia na kikombe chake, hilo usilibanie hela.

Kutoa kikombe cha zamani tumia kipande cha shaba au chuma laini, gonga upande huu kidogo upande ule kidogo, kisiende kombo. Kipya kiingie mdomo mpana ukiangalia nje, na sikiliza nyundo: kikiwa bado hakijafika mlio ni butu, kikikalia kwenye kituo chake mlio unabadilika unakuwa mkali na nyundo inarudi mkononi. Ukiacha kabla ya hapo, kikombe kitamalizia kukaa wakati unatembea halafu nafasi yote uliyopima inaharibika.

Grisi ya zamani toa yote. Grisi zina sabuni tofauti ndani, yaani kile kinachoipa uzito, zingine zikikutana zinakuwa maji. Osha na mafuta ya taa, acha vikauke, na kama una kompresa tafadhali usiizungushe beringi kavu kwa upepo, rola zinaweza kuchomoka zikakuumiza vibaya. Weka grisi kwenye kiganja ushindilie upande mpana wa beringi mpaka uione inatokeza upande wa pili, uzunguke yote.

Kabla hujarudisha habu angalia spindeli, ile ncha ya ekseli ambayo habu inakaa juu yake. Ikiwa na rangi ya bluu ilishapikwa, nguvu ya chuma imepungua, badilisha ekseli, usije ukajaza kwa kuchomelea.

Sasa kukaza. Trela likiwa juu ya stendi imara, sio jeki peke yake, zungusha habu kwa mkono huku unakaza nati, kama una spana ya kupimia fika kama Nm 68 hivi, hapo vitu vyote vinakaa. Kisha acha kuzungusha habu, legeza nati kabisa, uirudishe kwa vidole tu mpaka iguse. Spana weka pembeni. Tundu la pini, ile inayozuia nati isifunguke, lisipolingana na nafasi ya nati, legeza kidogo lilingane, usikaze, na pini iwe mpya. Funga tairi, shika juu na chini utikise: unatakiwa uhisi mchezo mdogo sana, kama pumzi tu, sio kugonga.

Tembea kilomita 10 bila mzigo, simama, sogeza kwanza mgongo wa mkono bila kugusa, kukiwa salama weka kiganja juu ya habu. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukituliza, rudi ufungue. Na ile ya kulia nayo ifungue leo hiihii, uliikaza kwa mkono uleule.