Maswali ya Wasomaji: Sahani ya Mjomba Aliyezamia

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mjomba wangu alizamia meli katika bandari ya hapa Dar es Salaam mwaka 1996 akielekea Afrika Kusini, kama walivyofanya vijana wengi wa mtaani kwetu, na tangu siku hiyo hatujapata barua, simu wala salamu. Bibi yangu, ambaye sasa amepindukia miaka 80, humtengea sahani ya wali kila jioni na kuifunika kwa kawa. Sisi wajukuu tumekua tukimwambia, "Yupo njiani, Bibi," naye hulala kwa amani. Mwezi uliopita alikuja mtu anayedai kwamba amemwona mjomba Durban. Akachukua shilingi 150,000 za karatasi za kumrudisha, na sasa anataka nyingine. Mama anasema tumwache Bibi na faraja yake, kwa kuwa hata jamii nzima huishi kwa kujipa moyo. Je, uongo unaofariji una faida? – Mjukuu, Mbagala

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako hajakosea kabisa. Mwaka 1988 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Shelley Taylor na Jonathon Brown, waliandika kwamba watu wenye akili timamu kwa kawaida hujiona bora kidogo kuliko walivyo, hudhani wanayamudu mambo kuliko wanavyoyamudu, na hutarajia kesho njema kuliko hesabu zinavyoruhusu. Tena wakasema kwamba hali hiyo huwasaidia kufanya kazi na kustahimili shida. Hoja hiyo imepingwa na wenzao, lakini mimi naiona kila alfajiri. Mwenye genge anayeamka saa 10 usiku kwenda Ilala kununua nyanya hangetoka kitandani kama angekuwa anakumbuka sawasawa matenga yote yaliyowahi kumwozea.

Kwa upande wa jamii, nchi yetu ina mfano mzito. Mwaka 1905 Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru, na kwa ahadi hiyo Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengine wengi waliinuka dhidi ya adui mmoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana kusini mwa nchi. Wapo wanaosema kwamba pasipo maji yale pasingekuwa na umoja ule, na sehemu ya hoja hiyo naikubali. Hata hivyo, tarehe 30 Agosti mwaka huo maelfu ya watu waliivamia boma ya Mahenge wakikabili bunduki za rashasha, na waliolipa gharama ya ahadi ile ni wale waliokuwa mstari wa mbele. Kinjekitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa mwanzoni mwa mwezi uleule. Tusisahau pia kwamba kilichowauma watu, yaani kodi na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, kilikuwa kweli tupu isiyohitaji kupambwa.

Mfano wa karibu zaidi utakuwa unaukumbuka: kikombe cha Loliondo cha mwaka 2011, dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu. Dawa iliuzwa shilingi 500, bei ambayo haimfilisi mtu, na foleni ya magari kuelekea Samunge ikawa ya kilomita nyingi. Aliyekunywa akaendelea na vidonge vyake alipoteza nauli na siku kadhaa za kulala garini. Aliyekunywa akaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI alikuwa amepewa faraja inayomtaka aache jambo la lazima, na hapo ndipo ninapouona mpaka. Huwa sijiulizi sana kama faraja fulani ni ya kweli; hujiuliza inamzuia mtu kufanya nini, na ni nani anayekusanya fedha mlangoni.

Tena faraja haiutegemei uongo kiasi tunachodhani. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 80 wa maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Kundi moja lilipewa vidonge na kuambiwa waziwazi kwamba havina dawa yoyote ndani yake, na kundi la pili halikupewa kidonge, ingawa lilihudumiwa na watu walewale. Baada ya wiki 3, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 59 katika kundi la kwanza na asilimia 35 katika la pili. Ilikuwa hatua ndogo ya kujihudumia kila siku, nao walijua fika wanachokimeza.

Ndiyo maana sahani ya Bibi yako sina ugomvi nayo. Iacheni, na anayekula kiporo kile asubuhi aendelee kukila. Kinachonitia mashaka ni jibu lenu. "Yupo njiani" mmelisema miaka yote hii kwa upendo, lakini katika barua yako sikuona mahali panaposema kwamba kuna aliyewahi kumtafuta mjomba. Jibu hilo limewapumzisha ninyi kuliko lilivyompumzisha Bibi, na limemfungulia mlango huyo mtu wa Durban, maana nyumba iliyozoea kuambiwa kwamba mtu yupo njiani haiulizi ushahidi anapotokea wa kumleta.

Huyo bwana asipewe hata senti moja zaidi. Mwambieni awaunganishe na mjomba kwa simu, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na Bibi asikilize sauti mwenyewe. Akikwepa, nendeni polisi. Kisha nendeni Msalaba Mwekundu, ambao kutafuta ndugu waliopoteana ni sehemu ya kazi yao, na mwulize pia Wizara ya Mambo ya Nje namna ya kuufikia ubalozi wetu Pretoria. Chukueni picha ya mjomba, na mwende na Bibi kama miguu yake inaruhusu, kwa sababu watakapoulizia makovu na alama za mwilini, ninyi wajukuu hamtakuwa na la kujibu.