Maswali ya Picha: Ghorofa Linalala, Mlima Unapotea

*Kaka habari za kazi. Mimi nipo Sakina hapa Arusha, mwezi ujao naenda Dar kwenye harusi ya dada yangu na nimepania kupiga maghorofa ya mjini. Shida yangu nikipiga jengo refu linatoka limelala kwa nyuma kama linadondoka, hata pale AICC hua inatokea. Natumia simu tu. Ni simu mbovu au ni mimi?*

Mdogo wangu, simu yako nzima kabisa. Ukisimama chini ya jengo lazima uinue simu iangalie juu, na ukishaiinua tu, kioo cha kamera hakiko sambamba tena na ukuta wa jengo, kwahiyo juu kunakua mbali kuliko chini, mistari ya pembeni inaanza kukimbiliana na jengo linalala. Na ukibonyeza ile lenzi pana ya 0.5 ili jengo lote liingie ndo unaharibu zaidi maana inavuta pembe zote. Hakuna mtu wa Arusha anaenda kupigia Meru kule kwenye miguu ya mlima, wote tunarudi nyuma, sasa ghorofa nalo linataka hivohivo, yaani urefu unauona ukiwa mbali.

Angalia wenzetu wanavofanya duniani. Shanghai watu wanasimama upande wa Bund wanapiga Pudong ng'ambo ya mto Huangpu, kule kwenye Shanghai Tower ya mita 632. Hong Kong wanavuka wanaenda Kowloon ndo wanageuka kuipiga ile safu ya maghorofa ya kisiwani. Chicago wanaenda ukingoni mwa ziwa Michigan. New York wapo wanaopanda jengo la Rockefeller badala ya Empire State, kwasababu ukiwa juu ya Empire State yenyewe haipo kwenye picha yako! Karibu kote huko kuna maji katikati, na maji yanakupa nafasi ambayo barabara haikupi.

Kwahiyo ukifika Dar panda pantoni uende Kigamboni. Ukishashuka tafuta sehemu ya wazi ufukweni, geuka, maghorofa ya Posta na Sokoine Drive yote yako mbele yako, na lile jengo la Mamlaka ya Bandari humo humo. Simu ishike wima kabisa usiiinamishe, washa ile mistari ya gridi kwenye skrini, tumia 1x au 2x. Kama chini kumebaki maji mengi poa tu utakata baadae. Na ukibanwa mjini kabisa huna pa kurudi nyuma, omba kupanda ghorofa ya tatu au ya nne ya jengo la ng'ambo ya barabara upigie dirishani, kuna tofauti kubwa sana. Ikishindikana kabisa kuna Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha, ni ya bure na ina sehemu ya kunyoosha jengo, ila itakula pembeni kwahiyo acha nafasi wakati unapiga.

Muda sasa, hapa nisikilize vizuri. Kutoka Kigamboni jua linazama nyuma ya mji, kwahiyo asubuhi ndo linapiga usoni mwa majengo, na jioni unasubiri lizame alafu anga linakua bluu na taa za madirishani zinawaka, hapo anga na taa vinalingana na picha inakua tamu. Ila huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, giza linaingia haraka, una kama dakika 20 na kidogo tu, wakati London mwezi wa 6 wanapata kama mara mbili ya hizo. Kwahiyo uwe umeshajipanga kabla jua halijazama. Weka simu kwenye stendi au juu ya ukuta, weka taima ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise, gusa skrini penye dirisha linalong'aa alafu shusha mwanga kidogo. Usipige hizi za jioni ukiwa ndani ya pantoni, inatetemeka mwanzo mwisho. Na futa lenzi kila mara, upepo wa bahari una chumvi, unaacha ukungu ambao huuoni mpaka taa zote zianze kutoka na manyoya.

Alafu tafadhali sana, upande wa Magogoni Ikulu na bandari ziko pua na mdomo, usielekeze kamera huko, na ukikuta askari muulize kwanza. Drone usithubutu bila kibali.

Na siku ukivuka Namanga kwenda Nairobi, panda juu KICC, lile jengo la mikutano la 1973, unauona mji wote, alafu shuka uende Uhuru Park ndo uipige KICC yenyewe.

*Mwanangu, mimi ni mama wa Soweto, Moshi. Nikipiga majengo ya mjini na Kibo nyuma, mlima unatoka kadogo kama kichuguu wakati kwa macho ni mkubwa. Nifanyeje?*

Shikamoo mama. Hiyo ni lenzi pana ya simu, inakuza cha karibu na kusukuma cha mbali. Rudi nyuma kusini, barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, alafu vuta zoom 3x au zaidi kama simu inayo. Ukirudi kilomita tatu majengo yanapungua sana ila Kibo hapungui cha maana maana yuko mbali tayari, kwahiyo wanakaa sawa kwenye picha. Nenda alfajiri kabla mawingu hayajamfunika.

*Kaka niaje, binamu yupo Ufaransa kanitumia picha ya mnara wa Eiffel usiku, nataka kuitia kwenye kalenda niuze hapa Arusha. Fresh?*

Ya mchana ingekua fresh, mnara ni wa 1889 na Gustave Eiffel aliyeujenga alifariki 1923, kwahiyo hakimiliki ya mnara wenyewe ilishaisha. Ya usiku hapana, zile taa ni ubunifu wa 1985 na zina hakimiliki, kuziuza mpaka uombe ruhusa kwa kampuni inayoendesha mnara. Mwambie binamu akupigie nyingine mchana, na yeye mwenyewe umuombe ruhusa maana picha ni yake.