Maswali Yenu: Haiku Zilizofichwa Chini ya Godoro

Toleo lililopita niligusia haiku, kile kishairi kifupi cha Kijapani, kwa mistari miwili tu, afu nikaendelea na mambo yangu. Sasa barua zimejaa mezani, kumbe watu kibao mna madaftari, mnaandika mambo yenu ya siku na vijishairi pembeni halafu mnayaficha kama barua za uchumba. Nimechagua tano. Majina nimeyaacha, hata ya waliotaka yawekwe.

Shikamoo shangazi. Mi kijana wa Tanga, naandika haiku, silabi tano saba tano. Rafiki yangu anasema ni vitu vya Wajapani havikai kwenye Kiswahili, eti shairi bila vina ni porojo. Hii hapa moja uniambie ukweli: Ewe mwanangu / dunia ina mambo / uwe makini.

Marahaba mwanangu. Nimehesabu kwa vidole, mizani (hesabu ya silabi) imekaa sawasawa. Huyo rafiki yako mwambie kwenye mizani Kiswahili na Kijapani ni kama mabinamu waliopotezana, maana silabi zao nyingi zinaishia na irabu kama zetu, na vile sisi tunavyoihesabu m ya mtoto peke yake (m-to-to, tatu), na wao wana n yao inayojitegemea hivohivo. Irabu ndefu wanaihesabu mbili, ndo maana Tokyo kwetu silabi mbili na kwao mizani nne. Haiku nzima ni mizani 17. Sasa chukua mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida, ukwapi (nusu ya kwanza) 8 utao (nusu ya pili) 8, jumla 16. Yaani haiku ni mshororo mmoja na chenji juu! Na wenyewe kwao huwa wanaiandika mstari mmoja tu, wima, toka juu kwenda chini. Vina hawana na wala hawavitafuti.

Ila ulichoandika sio haiku, ni wasia. Sikulaumu, tumelelewa hivo, mashairi yetu mengi yanaasa, Mwana Kupona, mshairi wetu wa pwani, mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia na mpaka leo tunausoma. Tatizo ni kwamba tumezoea hadi mtu akiona kuku kavuka barabara lazima ubeti wa mwisho atushauri kitu. Mwangalie Matsuo Bashō, mshairi wa Kijapani, mwaka 1686, hii nimeitafsiri mwenyewe nikiwa nasubiri wali uive: Bwawa la kale / chura anajirusha / majini chubwi. Imeisha hiyo. Hamna "enyi walimwengu jifunzeni kwa chura". Baada ya bwawa kwenye Kijapani kuna kijineno, "ya", kazi yake ni kukata tu, msomaji atue pale bwawani kwanza kabla chura hajaja. Sisi tunaweza kuweka kistari, au loo, au tukanyamaza kidogo. Kwa hiyo niambie, siku uliyomwandikia huyo mwanao uliona nini? Alikuwa anafanya nini? Anza hapo.

Dada, mimi mama wa watoto wawili, nakaa Mbagala, maisha yangu ni nyumbani daladala kazini daladala nyumbani. Nasoma watu wanaandika milima na bahari, mi nitaandika nini? Kuna siku niliandika hii nikaona aibu: Konda kalala / chenji ya abiria / kwenye kiganja.

Mama, naomba usirudie tena kuona aibu. Hii nimeisoma mara nne na mara ya nne nikawa namwona kabisa, kichwa kimeegemea dirisha, noti imekunjwa katikati ya vidole, na huyo abiria anaogopa kumwamsha au alishashuka, hatujui, na uzuri hujatuambia. Usiongeze hata neno.

Kuhusu kukosa cha kuandika, acha nikupe habari ya Masaoka Shiki, mshairi mwingine wa Kijapani. Huyu ndo aliyelifanya jina haiku likae, miaka ya 1890, kabla yake iliitwa hokku, ubeti wa kufungulia mashairi ya kupokezana, huyu anaanza yule anaunga. Shiki alikuwa na kifua kikuu kikamwingia mpaka uti wa mgongo, miaka yake ya mwisho pale Tokyo hakutoka kitandani. Daladala hana, Mbagala hana. Ana chumba na kipande cha bustani. Ana haiku moja anauliza tena na tena theluji nje imefika kina gani, basi, mgonjwa amelala anauliza waliosimama. Na nje kwake kulikuwa na madodoki yametambaa, dodoki hilihili tunalosugulia mgongo, maji ya mmea wake wenzetu walikuwa wanayanywa kama dawa ya makohozi. Septemba 1902, siku moja kabla hajafa, aliandika haiku tatu za mwisho na zote zinahusu dodoki. Alikuwa na miaka 34. Wewe asubuhi moja tu ya foleni una watu thelathini mbele yako, mama.

Naomba kuuliza, mtu akiandika kuhusu choo au kunguni, bado ni haiku?

Bado. Bashō kwenye safari yake ya 1689 alikwama siku tatu milimani kwa mlinzi wa mpaka sababu ya dhoruba, akaandika viroboto, chawa na farasi anayekojoa karibu na mto wa kulalia. Wewe na kunguni wako karibuni.

Mimi mwalimu, Morogoro. Nimesoma kwamba haiku lazima iwe na neno la msimu, maua ya micheri, theluji, majani kupukutika. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona theluji wala mcheri. Tuandike uongo?

Hapana mwalimu, na tafadhali uwazuie kabisa, nimeshapokea micheri mingi kutoka Kigoma. Hilo neno wanaliita kigo, na Wajapani wana vitabu maalum vya kuyapanga, unafungua unakuta mwezi huu ndege gani, mboga gani, sherehe gani, mpaka nguo. Wao misimu yao minne, sawa, sisi nani kasema hatuna? Kuna masika, vuli, kipupwe, kiangazi, pwani tuna kaskazi na kusi, hizo pepo ndo zilileta majahazi toka Uarabuni na kuyarudisha, kuna kalenda gani kuzidi hiyo? Halafu shuka chini kwenye vitu vya mkononi. Kumbikumbi, mvua za kwanza zikinyesha tu wanajaa kwenye taa na watoto na mabeseni. Tope la masika kwenye viatu vya shule, sweta za mwezi wa saba huko kwenu milimani Uluguru. Embe. Yaani embe peke yake ni kitabu kizima, kuna embe changa na chumvi na pilipili, kuna dodo, kuna bolibo, kuna zile zilizooza chini ya mti na nzi wake. Hii yangu, na nimeirekebisha wiki nzima kwa hiyo msinicheke: Embe la kwanza / bibi amelikata / vipande saba.

Ramadhani inanisumbua kidogo. Harufu ya futari unaijua hata ukiwa umefumba macho, lakini mwezi unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, leo kiangazi kesho masika, kwa hiyo kwenye kitabu cha misimu ungeiweka ukurasa gani? Mi ningeipa ukurasa wake. Wape watoto kazi hii, kila mmoja alete maneno matano ya msimu toka nyumbani kwao, usiwape mifano, utaona watakuletea vitu ambavyo mimi na wewe tumeshavisahau.

Shangazi, mama yangu alifariki mwaka jana. Tangu hapo naandika daftarini kila usiku, mambo ya kawaida tu, nani kaja, tumekula nini, vikombe vya chai bado tunatoa sita na sasa tuko watano. Nataka kila ukurasa umalizike na haiku lakini nikianza inakuwa maneno ya msibani, pumzika kwa amani, tutakukumbuka daima, nafuta. Ni sawa kuchanganya maelezo na haiku?

Pole sana mwanangu. Kuchanganya ni sawa, wenyewe wanaita haibun, maelezo ya kawaida halafu haiku inakaa katikati au mwishoni, na hiyo haiku isirudie yaliyosemwa juu, iangalie pembeni kidogo. Safari ile ya Bashō aliiandika hivo.

Lakini kwa hili lako mtu wa kusoma ni Kobayashi Issa, naye mshairi wa Kijapani. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo sana, na ukubwani akazika watoto. Mwaka 1819 ndui ilimchukua binti yake Sato, mtoto wa mwaka mmoja na kidogo. Mambo ya mwaka ule aliyaandika hivohivo kama wewe, mtoto anavyocheka, anavyopunga mkono, halafu ugonjwa. Haiku yake ya msiba kwa maneno yangu inasema: dunia hii ni umande, najua ni umande, ila jamani. Kwenye dini yake ya Kibudha walifundishwa hivo, kwamba kila kitu hukauka kama umande, na anakubali, habishi. Halafu inamshinda. Hasemi inamshinda nini.

Maneno ya msibani yaache kwa wanaokuja kutoa pole, ni ya kwao na yana kazi yake. Wewe tayari umeniandikia haiku bila kujua, iko katikati ya barua yako, ile ya vikombe. Hesabu mizani tu, punguza neno moja mawili. Na usieleze kikombe cha sita ni cha nani.