Kilti ya sufu ya bei nafuu: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Scotland, ikishonwa kwa mkono na fundi wa huko, yadi 8 za sufu nzito, huanzia kama pauni 600 na kupanda. Ya cherehani, nayo ya sufu halisi, hupatikana kwa pauni 200 hadi 400. Wengi hudhani tofauti yote ya bei iko kwenye mshono. Si kweli. Mshono wa cherehani uliopigwa vizuri hudumu miaka, na anayekutazama kwa nyuma kwenye harusi Glasgow hatautambua. Muuzaji akishusha bei hupunguza pia yadi za kitambaa, uzito wake, na vile vitu vinavyofichwa ndani ya kiuno. Viwili vya kwanza unaweza kuvumilia kwa kiasi. Hicho cha tatu usikikubali.

Anza na lebo. Iandikwe sufu asilimia 100. "Sufu ya akriliki" ni akriliki tu, nyuzi za plastiki, jamaa ya mashuka mengi ya Kimasai ya siku hizi: inang'aa, inatoa vinyweleo, na rinda lake likishalala vibaya halisimami tena. Mchanganyiko wa poliesta na viskosi ni kitambaa cha heshima kwa kazi zake na huweza kufuliwa kwa mashine, lakini usiulipie bei ya sufu. Ukiwa na wasiwasi, ukingo wa aproni ya juu (kile kipande bapa cha mbele) huwa umeachwa na nyuzinyuzi zinazoning'inia. Chomoa uzi mmoja hapo, hautaharibu kitu, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikaacha kijiwe kigumu cheusi.

Uzito hutajwa kwa aunsi kwa yadi. Sufu ya aunsi 10 au 11 ni nyepesi, upepo wa Edinburgh huichezea na marinda hayakai. Ya aunsi 16 ndiyo inayoning'inia vizuri kuliko zote, ila ni ghali na ukumbini utatoka jasho. Kwa bajeti ndogo chukua aunsi 13. Muulize muuzaji pia kitambaa kimefumwa kiwanda gani. Majina kama Lochcarron na House of Edgar, au Marton Mills ya Yorkshire, yanajulikana kwa kila aliye kwenye biashara hii. Anayezungukazunguka kujibu swali hilo, mwache.

Sasa yadi, maana hapa ndipo watu wanapochanganywa. Kitambaa cha kilti hufumwa kwa upana wa inchi 54 hadi 60, kisha hukatwa katikati kwa urefu na vipande viwili huungwa, kiungo kikafichwa ndani ya rinda. Kwa hiyo yadi 4 za upana mzima ndizo hizo hizo yadi 8 za kilti. Muuzaji akikuambia "yadi 4", muulize ni za upana mzima au nusu, kwa sababu yadi 4 za nusu upana ni kilti nyembamba mno.

Yadi 5 za nusu upana zinatosha, na hii ndiyo kilti ya bei nafuu tunayoipendekeza. Piga hesabu kwa mtu mwenye nyonga za inchi 40. Yadi 5 ni inchi 180. Aproni mbili za mbele na mikunjo ya pembeni hula kama 65, zinabaki 115. Mchoro wa tartani, yaani yale madrafti ya Kiskoti, ukijirudia kila inchi 6, rinda moja hula inchi 6 za mchoro pamoja na inchi moja na robo inayoonekana nje. Unapata marinda 16, na 16 mara moja na robo ni inchi 20, yaani nusu nzima ya nyuma. Kilti ya yadi 8 kwa mchoro huo huo hufika marinda 30 na kitu, membamba zaidi, na huyumba vizuri ukitembea. Tofauti ipo, ila mtu wa harusi mbili kwa mwaka haimhusu sana.

Kinachomhusu ni kama marinda yamepangwa kufuata mchoro. Omba picha ya nyuma, ya kilti yenyewe, si ya katalogi. Kilti iliyopangwa vizuri, nyuma yake huonekana kama kitambaa ambacho hakijakunjwa: madrafti yanaendelea rinda hadi rinda, na mistari ya mlalo imenyooka toka kushoto hadi kulia. Iliyoshonwa kwa pupa, mistari hupanda na kushuka kama ngazi. Hapo cherehani haina hatia, fundi hakupiga bandi, ule mshono wa muda, kabla ya kushona na kitambaa kikateleza chini ya mguu wa cherehani. Mstari ukipishana zaidi ya nusu sentimita, kataa.

Marinda hushonwa toka kiunoni hadi usawa wa nyonga tu, kama theluthi moja ya urefu, kisha huachwa huru. Pale mshono unapoishia ndipo panapobeba mzigo ukikaa. Geuza ndani uangalie kama uzi umerudishwa nyuma na kukazwa kwenye kila rinda. Usipokazwa, marinda yatafunguka moja baada ya jingine.

Ukiwa bado umeigeuza, bonyeza nyuma ya kiuno. Chini ya bitana unatakiwa kuhisi kanvasi ngumu iliyoshikwa kwa uzi. Kanvasi ndiyo inayovutwa na mikanda, si marinda. Bila kanvasi, au ikiwa ni kitambaa cha kubandika kwa pasi, kila ukikaza bizimu unayavuta marinda yenyewe, na baada ya msimu mmoja kiuno kinatepeta. Mikanda iwe ya ngozi, imeshonwa kupita tabaka zote. Kilti yenye mkanda wa kunatanata badala ya bizimu ni vazi la maigizo.

Vipimo: sahau namba ya jinzi yako. Kilti huvaliwa juu, usawa wa kitovu, na hapo watu wengi huwa wapana kuliko suruali inavyosema kwa inchi 2 hadi 4. Mtu mwingine akupime, ukiwa na shati jepesi, umesimama wima bila kubana tumbo. Kiuno kwenye kitovu, nyonga pale makalio yanapotokeza zaidi, futi isikaze. Urefu hutoka pale pale ulipopimia kiuno hadi katikati ya goti. Wauzaji wa bei nafuu hukata inchi 24 kwa kila mtu, na mfupi huishia na sketi. Ukingo wa chini usishuke chini ya katikati ya goti. Ukipiga magoti, ubaki juu ya sakafu kama inchi moja. Mwenye kitambi kilichozidi nyonga aseme mapema, maana kilti yake hukatwa tofauti.

Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Kusogeza bizimu ni kazi ndogo, kupanua ni balaa kwa sababu kitambaa cha ndani ya marinda huwa kimepunguzwa. Na usimruhusu fundi yeyote akate chini kufupisha: kwenye kilti nyingi nzuri ukingo ule umefumwa hivyo kiwandani, hauna upindo wa kushona.

Kuhusu tartani, kilti za bei nafuu huwa na zile maarufu tu, kama Black Watch na Royal Stewart, na hizo huvaliwa na yeyote. Balmoral ni ya familia ya kifalme. Tartani moja huuzwa kwa rangi zilizokolea au zilizopauka, kwa hiyo omba kipande cha sampuli kabla ya kulipa, picha za simu hudanganya.

Kilti nyingi za pauni 30 hadi 80 mtandaoni hutoka Sialkot, Pakistan, na kwa bei hiyo sufu halisi usiitegemee. Kwa aliyeko Scotland kuna njia bora zaidi: maduka ya kukodisha huuza kilti zao zilizotumika, nyingi za sufu nzito ya cherehani. Ielekeze kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo, uangalie makalioni kama pameanza kung'aa.

Jambo la mwisho ni haki ya kurudisha. Uingereza, bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 bila kutoa sababu, lakini kilichoshonwa kwa vipimo vyako hakiingii humo isipokuwa kina kasoro. Ikifika, ijaribu siku hiyo hiyo, kaa, piga magoti, kagua nyuma kwenye kioo. Uzi mweupe wa bandi unaoshika marinda chini uache mpaka uhakikishe hurudishi, halafu uchomoe wote kabla ya kutoka nyumbani.